Siku Tatu Kabla ya Barua

Mpwa wangu amechukua jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo tangu azaliwe sijawahi kumwita kwa jina lake. Namwita Mama. Kwetu hilo halina ajabu. Huku ugenini, siku ya kwanza nilipomwita hivyo kwenye ngazi, jirani aliyekuwa anafunga mlango wake alimtazama yule msichana wa miaka ishirini na mmoja, akanitazama mimi na mvi zangu, akarudi ndani bila salamu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Naliweka wazi mapema ili mtu asije akadhani ninasimulia habari za mzazi wangu. Ninasimulia habari za mtoto wa dada yangu, na jinsi nilivyomponza.

Mimi ni fundi wa friji. Kazi hii nimeifanya katika mji huu miaka kumi na tisa, na sioni haya kusema naijua. Kuna jambo moja nililojifunza humo nikaligeuza kuwa dini: ukiitwa, nenda. Mteja akipiga simu umekaa mezani, acha sahani. Akikuita siku ya mapumziko, vaa viatu. Mafundi wenyeji husema watakuja wiki ijayo. Mimi hufika kabla nyama haijaanza kutoa maji. Ndivyo nilivyopata wateja, na ndivyo nilivyovimba kichwa nikawa nawashauri watu ambao hawakuniomba ushauri.

Dada yangu, mama yake mzazi huyu Mama wangu, ni mshonaji wa sare za shule. Barua ya chuo ilipofika alinipigia simu kuuliza kama ni kweli kuna watu wanakaa darasani miaka mitatu kwa ajili ya meno ya bandia. Nikamwambia ni kweli, na kwamba wazee wa huku ni wengi na vinywa vyao vitupu, soko lipo. Akasema basi ananikabidhi mtoto. Dada ndiye aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki. Alinifulia, alinichapa, alinisomesha. Akikukabidhi kitu unakipokea kwa mikono miwili. Nikatia saini kuwa mdhamini wake, tukasogeza vitanda vya binti zangu wawili, Mama akapata kona yake karibu na dirisha.

Alikuwa na mikono ya mama yake. Kutwa alikuwa anachonga kitu: kipande cha sabuni, kipande cha mshumaa. Siku moja nilikuta jino la gego limekaa juu ya sinki, la sabuni ya kufulia, na mizizi yake yote, nikaruka nikidhani ni la mtoto limeng'oka. Tulipokuwa tunakula alikuwa hatutazami machoni, anatutazama midomoni. Aliniambia kwa heshima kabisa kwamba natafunia upande mmoja kama mbuzi, na kwamba nikiendelea hivyo nitakuwa mteja wake nikifika miaka sitini. Mke wangu alimpenda kwa hilo kuliko kwa jambo lolote jingine.

Miaka miwili ya darasani aliimaliza bila shida. Mwaka wa tatu ndio uliotuonyesha rangi yake. Huwezi kupewa cheti pale chuoni mpaka ufanye mafunzo kazini kwa wiki thelathini, katika maabara halisi inayotengeneza meno ya watu halisi, na nafasi hiyo unajitafutia mwenyewe. Usipoipata kabla ya tarehe waliyoweka, unarudia mwaka. Kwa mwenyeji kurudia mwaka ni maudhi tu. Kwa mgeni ni safari ya kurudi kwao, kwa sababu kibali cha mwanafunzi hakina mwaka wa ziada.

Wenzake wenyeji walipata nafasi ndani ya wiki mbili. Huyu baba yake alikuwa daktari wa meno, yule shangazi yake alikuwa na maabara. Wao walikuwa na wajomba wenye maabara. Mama alikuwa na mjomba mwenye bisibisi. Aliandika barua arobaini na moja. Najua idadi kwa sababu alibandika orodha ukutani na kila jibu likija anafuta mstari. Wengi hawakujibu. Mmoja alimpigia simu, wakaongea vizuri dakika kumi kuhusu plasta na nta, mpaka alipomuuliza ana kibali cha aina gani. Hapo sauti ikabadilika. Akasema atampigia tena. Kwa siku nne Mama alikuwa anaingia bafuni na simu yake.

Kuna jioni nilimkuta amekaa sakafuni chini ya ile orodha, magoti kifuani. Hakuwa analia. Aliniuliza kama kuna kitu kwenye jina lake kinachowatisha watu. Nikamjibu ovyo, nikasema mtu mwenye jina la mama yangu hawezi kumtisha mtu, isipokuwa mwenye deni la adabu. Alitabasamu kwa ajili yangu. Moyoni nilikuwa nimeungua.

Zilibaki siku kumi na mbili alipojibiwa na mwanamke mmoja mwenye maabara ndogo, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia. Nitamwita fundi mkuu, maana ndivyo Mama alivyomwita tangu siku ya kwanza, ingawa mle ndani mafundi walikuwa wawili tu, yeye na msaidizi wake. Alimtaka Mama afike, akampa kipande cha nta na kisu, akamwambia amchongee jino la mbele la juu. Mama akachonga. Yule mwanamke akaligeuza mara mbili chini ya taa, akasema aje Jumatatu ya wiki inayofuata.

Karatasi zikaanza kuzunguka. Makubaliano yalitakiwa kutiwa saini na maabara, kisha chuo, kisha idara ya vibali itoe barua ya kumruhusu kuanza. Barua ikaahidiwa Ijumaa, kazi Jumatatu. Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa. Nyumbani tulikula tukiwa tumechangamka kama watu waliotoka hospitali salama.

Jumanne mchana fundi mkuu akapiga simu. Msaidizi wake ameteguka kifundo cha mkono, kazi zimelundikana, kuna wagonjwa wanasubiri meno yao. Kama Mama ana nafasi, je, anaweza kuja kuanzia kesho, aizoeezoee maabara? Mama akamwambia atamjibu. Akaja kwangu karakana, nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya friji ya duka la maua, natafuta inakovuja gesi. Alisimama mlangoni.

"Mjomba, barua bado haijatoka. Nimwambie nitaanza Jumatatu tu?"

Hata kusimama sikusimama. Nilisema maneno haya nikiwa nimempa mgongo, na yananirudia nikiwa nafunga skrubu, nikiwa naoga, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mkate.

"Mtu anakuita kazini, unamuuliza barua? Watu arobaini wamekukataa, huyu mmoja anakuhitaji. Nenda, Mama. Barua itakukuta huko."

Akaenda. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Jumatano aliporudi alikuwa na vumbi la plasta kwenye nyusi, amechoka, anang'aa. Alitusimulia mpaka chai ikapoa. Daktari wa meno humng'atisha mgonjwa kitu laini kama unga uliokandwa, kikiganda linabaki umbo la kinywa. Maabara humimina plasta ndani ya lile umbo, juu ya kimeza kinachotetemeka ili viputo vya hewa vipande juu, na plasta ikikauka unapata taya la mtu mkononi mwako. Alikuwa amemimina mataya kumi na saba. Na kila moja, alisema, lazima uandike kwa penseli chini yake tarehe na herufi za aliyelimimina, kwa sababu kitu kinachoingia mdomoni mwa mtu lazima kijulikane kimetoka mikononi mwa nani. Utaratibu huo ulimpendeza sana. Herufi zake sasa zilikuwa rafuni, chini ya mataya kumi na saba.

Kisha akatoa daftari la mafunzo, lile la chuo, lenye ukurasa kwa kila siku. Akashika kalamu, akaniangalia. Aliuliza kama aandike siku hiyo au aiache, maana daftari linatakiwa kuanza Jumatatu. Nilimwambia aandike. Nilimwambia amefanya kazi ya haki, jasho lake lisipotee, siku tatu ni siku tatu, wakiona alianza mapema watajua ni mtu wa namna gani. Niliona fahari. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri, tarehe juu, na chini: nimemimina mataya kumi na saba, mawili yalikuwa na viputo, nimeyarudia.

Barua ya ruhusa ilitoka Ijumaa kama walivyoahidi. Ilisema anaruhusiwa kuanzia Jumatatu.

Wiki kumi na tano alizofanya pale zilikuwa nzuri, na sitazisimulia sana kwa sababu zinaniuma. Alihama kutoka plasta akaingia kwenye nta, akafundishwa kupanga meno kwenye fizi, kuyapinda kidogo yasifanane mno, maana kinywa kilichonyooka sana kinaonekana ni cha duka. Fundi mkuu hakuwa mtu wa maneno, ila alianza kumwachia kazi bila kuikagua mara ya pili. Mama alianza kusema "maabara yetu". Niliwaambia wateja wangu wote, hata wasiouliza.

Ikifika nusu ya mafunzo, daftari linapelekwa chuoni kukaguliwa. Mama alilipeleka asubuhi, akapita kazini kama kawaida. Saa nane alinipigia. Alisema afisa wa mafunzo anatutaka sisi wote wawili keshokutwa, mimi kama mdhamini, na kwamba amemwambia asiende tena maabara mpaka hapo. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Ni zile siku tatu, mjomba." Nilikuwa jikoni kwa mtu, mkono wangu umo ndani ya friji, na sikuhisi baridi.

Ofisi ya afisa ilikuwa chumba chembamba chenye kabati la mafaili na viti viwili vya wageni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu zaidi. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa kwanza, akaweka barua ya idara ya vibali pembeni yake. Alieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Siku yoyote ya kazi kabla ya tarehe ile si mafunzo. Ni kazi bila kibali. Yeye hawezi kujifanya hajaiona, kwa sababu daftari hili nakala yake inakwenda idara, na mataya yale rafuni yana tarehe na herufi. Kosa hilo linafuta mafunzo yote yaliyofuata, na kibali nacho kinafutwa.

Kulikuwa na barua ya fundi mkuu pia. Aliandika kwamba mwanafunzi huyu ana mikono adimu, na kwamba alikuja kabla ya tarehe kwa hamu yake mwenyewe ya kujifunza. Mpaka leo sijui kama mwanamke yule alidhani anamsaidia au alikuwa anajiokoa. Nimemkasirikia sana. Lakini ni nani mimi wa kumkasirikia mtu kwa hilo?

Afisa alifunga daftari. Akamwinamia Mama.

"Nisikilize vizuri. Kama kuna mtu mzima aliyekuelekeza uanze, mwajiri au mdhamini, kosa linakuwa lake, na wewe unaweza kuendelea. Inabidi mtu huyo aseme, au wewe umtaje. Nani alikwambia uende?"

Nitasema ukweli wangu wote hapa kwa sababu pale sikuusema. Kibali changu huhuishwa kila baada ya miaka mitatu, na wakati ule maombi yangu yalikuwa mezani kwa idara ile ile, majibu yanasubiriwa ndani ya wiki sita. Mke wangu na binti zangu wanaishi hapa kwa mgongo wa kibali hicho. Binti zangu hawajui kwingine. Niliyafikiria hayo yote kwa muda mfupi kuliko ninavyoyaandika. Nilifungua mdomo kidogo, nikaufunga. Nikatazama viatu vyangu.

Mama alinitazama. Si kwa kunilaumu. Alinitazama kama anavyotazama umbo la kinywa kabla ya kumimina, kuona limekaaje. Kisha akamgeukia afisa.

"Hakuna. Nilienda mwenyewe. Nilikuwa na haraka."

Afisa akauliza mara ya pili, na macho yake safari hii yalikuwa kwangu. Mama akajibu yale yale. Kalamu ikaandika. Mama akapewa siku ishirini na nane za kuondoka nchini.

Tulirudi kwa miguu. Nikaanza kusema nitarudi kesho, nitamwona yule afisa peke yangu, nitaeleza. Mama alinisimamisha mbele ya duka lililofungwa. Alisema nisirudi. Alisema yeye akiondoka anaondoka mmoja, mimi nikiondoka tunaondoka watano, na yeye akiwemo, maana mdhamini atakuwa hayupo. Alikuwa ameshapiga hesabu yote akiwa kwenye kile kiti, wakati mimi nahesabu vidole vya miguu yangu. Nilishukuru, Mungu anisamehe. Nilishukuru kwamba amenikataza.

Ilibaki kufungasha. Alikwenda maabara kuchukua koti lake na visu vyake, akarudi haraka. Alisema kazi yake ya mwisho, meno ya chini ya bibi mmoja, imekabidhiwa kwa yule msaidizi aliyepona mkono, na kwamba ameyapanga vibaya. Hilo ndilo jambo pekee lililomtoa machozi mbele yetu. Alijifuta kwa mkono wa koti akaomba radhi, akasema si kitu, ni meno tu.

Siku ya safari mke wangu alishindwa kutoka chumbani. Binti zangu walimshika, mmoja huku mmoja huku, wakimuuliza atarudi lini. Mimi nilibeba sanduku. Kwenye lango la abiria alinipa mkono, kisha akanibusu kiganja, kama tulivyozoeshwa kumfanyia mkubwa. Kiganja hicho hicho kilichotia saini ya udhamini wake. Nilisimama pale mpaka mfanyakazi wa uwanja akanigusa bega nisogee.

Wiki ya tatu baada ya kuondoka, kibali changu kikatoka. Miaka mitatu mingine, mimi na mke wangu na watoto. Nilikiweka ndani ya droo, nikakaa kitandani. Hakuna aliyeweza kunigusa tena kwa lolote ambalo ningesema nyumbani kwetu. Nilijiambia nitampigia dada, nimweleze kila kitu. Siku zikapita tisa. Nilijipa kazi nyingi.

Siku ya kumi akapiga yeye. Nilijua ni yeye kabla ya kuangalia. Nyuma yake cherehani ilikuwa inalia, kisha ikanyamaza. Aliniuliza hali, akauliza watoto, akauliza wifi yake. Kisha sauti ikashuka. Akasema mtoto amemwambia kila kitu. Kwamba masomo yalimshinda. Kwamba alikuwa mvivu, mjomba akawa anamuamsha na kumhimiza, naye hasikii, mpaka chuo kikamfukuza. Sasa anamsaidia kushona vifungo, hasemi sana, na mikono yake kwa kweli si mizito, hajui ilikuwaje.

Nilikuwa peke yangu karakana. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakukuwa na mtu wa kunisikia isipokuwa dada yangu.

"Mdogo wangu," akasema, "nilikukabidhi mtoto, amekutia aibu kwa watu. Nakuomba umsamehe. Kwa ajili yangu mimi niliyekulea, umsamehe."

Nikamwambia nimeshamsamehe.